Kambi imepita miaka 30, mti wa kivuli uko wapi?

Vijana wenzetu wa Kakuma na Kalobeyei, na ninyi ndugu mnaotusoma mkiwa Nakivale, Nyarugusu na Dzaleka, safari iliyopita tuliandika juu ya rasheni, na kabla ya hapo tuliandika juu ya vibali vya kutoka kambini. Leo tunaomba mtuvumilie, tunataka kuzungumza habari za miti. Msicheke kwanza.

Tunachotaka ni hiki: kando ya laga ya Tarach kitengwe kipande kimoja cha ardhi, kizungushiwe ua, kiwe bustani ya mimea ya asili ya hapa Turkana, na humo humo kiwe kimbilio la ndege, nyuki na wanyama wadogo ambao bado wamebaki. Kisimamiwe na sisi pamoja na Waturkana, nusu kwa nusu. Na miti itakayopandwa iwe ile ya polepole, ile ambayo mradi wa mwaka mmoja hauwezi kuionyesha kwenye ripoti.

Hilo la mwisho ndilo litakaloleta ubishi, kwa hiyo tuanze nalo.

Kambi hii ilianza mwaka 1992, walipofika wale vijana wa Sudan waliokuwa wametembea kutoka Ethiopia. Ilikuwa kambi ya muda. Baada yao wakaja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengine. Mwaka 2016 Kalobeyei nayo ikawa inapokea watu, na leo ukijumlisha kote tunakaribia watu laki tatu. Wapo kati yetu waliozaliwa hapa, wakasoma hapa, wakaoa hapa, na watoto wao wanakaa kwenye madarasa yale yale waliyokaa wao. Na bado tunaambiwa ni kambi ya muda.

Sasa fanya hesabu ndogo. Kama mwaka ule wa 1992 mtu angechukua mbegu ya ewoi, ule mti wa miiba ambao kichwa chake kimelala kama mwavuli, akaipanda na kuilinda dhidi ya mbuzi kwa miaka michache tu, leo ungekuwa mti mzima. Ungekuwa unaangusha maganda kila msimu, na watoto wa shule wangekuwa wanakaa chini yake saa saba mchana badala ya kubanana kwenye ukuta wenye futi mbili za kivuli. Waliofanya hivyo ni wachache mno. Kila aliyekuja na pesa za miti alijiuliza, hawa watu watakuwepo hapa hadi lini? Akajijibu mwenyewe, si muda mrefu. Akapanda kitu cha haraka.

Tunaujua upandaji huo kwa sababu wengi wetu ni watu wa kujitolea na tumeshika majembe. Tunajua unavyoendaga. Lori la miche linafika, fulana zinagawiwa, bango linasimamishwa, wageni wanapiga picha wakiwa wameinama na mche mmoja mkononi. Kuna siku tulipanda miche kwenye shule moja hapa, hatutaji ni shirika gani wala shule gani, na baada ya wiki tatu mbuzi walikuwa wamemaliza karibu yote kwa sababu bajeti ya ua haikuwepo. Lakini ripoti ilisema miche imepandwa, na ni kweli ilipandwa. Hatujawahi kuona ripoti inayohesabu miche iliyo hai baada ya kiangazi. Serikali ya Kenya yenyewe imejiwekea lengo la miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Lengo ni zuri, lakini hata hapo tunaomba watu wahesabu vivuli, wasihesabu mashimo.

Mti uliotusaidia zaidi hapa kambini ni mwarobaini. Nao ni mgeni, umetoka upande wa India. Tuseme ukweli, bila mwarobaini blok nyingi zingekuwa jua tupu, na hatuna ugomvi nao. Mama zetu wanauchemsha majani, wazee wanacheza dhumna chini yake. Anayesema tung'oe mwarobaini ili tuonekane tunapenda miti ya asili huyo hajawahi kukaa Kakuma mwezi wa pili.

Shida yetu ni mathenge.

Kwa ninyi mlio mbali: mathenge ni ule mti wa miiba mirefu unaoitwa na wataalamu Prosopis juliflora. Waturkana wanauita etirae. Asili yake ni Amerika ya Kusini na Kati. Kenya uliletwa mwaka 1973 kule Bamburi, Mombasa, kujaribu kufufua machimbo ya mawe ya kutengenezea saruji. Halafu miaka ya 1980 ukasambazwa kwa makusudi sehemu kame, Baringo, Tana River, na huku Turkana. Waliouleta hawakuwa na nia mbaya. Walitaka mti unaovumilia ukame, unaotoa kuni haraka, unaozuia udongo usipeperuke. Na kweli ulifanya yote hayo. Ulifanya kupita kiasi.

Mbuzi wanakula maganda yake kwa sababu ni matamu, mbegu zinapita tumboni salama, zinatoka na mavi mahali pengine, zinaota. Ukikata mti mmoja yanachipuka mashina sita. Unaziba njia, unaziba kingo za laga, unatoboa matairi ya boda boda na miguu ya watoto. Ule utamu unaoza meno ya mbuzi. Kule Baringo jamii ya Ilchamus walichoka wakaishtaki serikali, kesi ya mwaka 2006, na wakampeleka mahakamani Nairobi mbuzi asiye na meno ili jaji aone mwenyewe. Watu walicheka sana, lakini mbuzi ndiye akiba ya mfugaji, na mbuzi asiyeweza kutafuna anakufa.

Hapa tunataka kusimama kidogo, kwa sababu kuna jambo linatuuma.

Kwenye mikutano ya mazingira tunasikia maneno "mmea mgeni", "mmea vamizi", "spishi za kigeni zinazomaliza za wenyeji". Sisi tumekaa pale nyuma, na kadi zetu za ukimbizi mfukoni, tunatazamana. Kuna ndugu mmoja aliwahi kunong'ona, "Hapa wanaongea mathenge au wanaongea sisi?" Tukacheka, lakini hakikuwa kichekesho. Kila nchi tuliyopita tumeitwa wageni, na nyingine tumeitwa wavamizi. Mtu aliyefukuzwa kijijini kwake kwa kuambiwa wewe si wa hapa, hawezi kusikia neno "asili" likisifiwa bila moyo kushtuka.

Tumejadiliana sana juu ya hili na msimamo wetu ni kwamba mti si mtu. Mathenge haukukimbia vita, uliletwa na mradi. Mtu akifika mahali anaweza kuuliza taratibu za mahali hapo, akazifuata, akajifunza lugha, akaolewa, akazika. Mti hauwezi kuulizwa. Walioupanda ndio walipaswa kuuliza, hasa kwa watu wanaoishi hapo. Kwa hiyo tukisema tunataka miti ya asili, hatusemi mgeni atoke. Tunasema mgeni anayepanda aulize kwanza. Na wageni wanaotaka kupanda safari hii ni sisi.

Hata "asili" yenyewe ina mipaka yake. Sisi wa Kongo na ninyi mlio Uganda mnaujua musizi, mti mrefu mzuri, unakua haraka, ni wa kwetu kabisa. Wajerumani walianzisha bustani ya mimea Amani, kwenye milima ya Usambara Tanzania, mwaka 1902, wakakusanya miti kutoka kila pembe ya dunia kuona ipi italeta faida. Musizi nao ukapelekwa huko miaka ya mwanzo ya karne iliyopita. Baadaye ukatoka bustanini, ukaingia kwenye msitu wa Usambara wenye miti isiyopatikana popote pengine, na umekuwa kero kwa wahifadhi hadi leo. Mti wa Afrika, ndani ya Afrika, na bado ukawa mathenge ya huko. Kwa hiyo mtu asituambie atuletee miche ya asili ya Afrika kwa lori kutoka mahali popote. Tunataka mbegu zilizookotwa hapa hapa, kando ya laga hii, au karibu iwezekanavyo.

Na zipo. Hili ndilo linalotushangaza kila siku: watu wanasema Turkana ni jangwa, hakuna kitu. Tembea na mama wa Kiturkana asubuhi moja uone kama hakuna kitu.

Kuna ewoi tuliyokwisha kuitaja. Maganda yake yaliyoanguka yanaitwa ngitit, na mbuzi wanaishi kwayo wakati majani yote yamekauka. Kuna edome, unazaa vitunda vidogo vyekundu vya rangi ya chungwa, vitamu, watoto wanavimaliza kabla havijafika nyumbani. Kuna esekon, ambao ndugu zetu Wasomali waliutambua siku ya kwanza walipofika, kwa sababu ndio ule ule wanaochonga caday ya kusugulia meno, Waswahili wa pwani wanauita mswaki. Vitunda vyake vinawasha kidogo ulimini. Kuna ekalale, mkunazi. Kuna eng'ol, yaani mkoma, ambao makuti yake yanasukwa vikapu na mikeka na kuezeka nyumba, na nyama ya tunda lake inaguguna mtu mpaka jioni. Kuna mshubiri ambao wanasayansi wameupa jina la mahali hapa kabisa, Aloe turkanensis. Ni wangapi kati yetu tulijua kwamba kuna mmea duniani wenye jina la Turkana, na tunaukanyaga tukienda kuchota maji?

Na kuna edapal. Huu tunaomba tuuseme kwa kirefu. Edapal ni mti wa kijani mwaka mzima. Mahali ambapo kila kitu kimekuwa na rangi ya vumbi, ukiona kichaka kimesimama kibichi kabisa, jua ni huo. Unazaa hata katika ukame mkali, na wazee wanasema kuzaa kwake sana si habari njema, maana huwa ni mwaka wa njaa. Mbegu zake zinaliwa, lakini si kuokota na kutia mdomoni. Zinachemshwa saa nyingi, maji yanamwagwa, yanawekwa mengine, zinachemshwa tena. Kina mama wa Kiturkana wanajua lini zimeiva na lini bado ni sumu ya tumbo. Kabla ya gunia la kwanza la mahindi ya msaada kufika nchi hii, watu walivuka njaa kwa edapal. Sasa tuulizane: huyo bibi anayejua kuchemsha edapal akifariki, na mti wenyewe ukawa umekatwa kuni, kitabaki nini? Bustani tunayotaka ni ya kuhifadhi mti pamoja na maneno ya bibi.

Tukija kwa wanyama, hatudanganyi mtu. Hatuongei simba wala tembo. Tunaongea dikidiki, sungura, nguchiro, kobe, kenge, nyuki, na ndege wengi sana. Na hapa ndipo miti ya polepole inapotetewa na ndege mwenyewe. Hondohondo mwenye mdomo mwekundu hajengi kiota cha vijiti, anatafuta shimo kwenye mti mzee. Jike anaingia ndani, mlango unazibwa kwa udongo mpaka unabaki ufa mdogo, dume analeta chakula anapitisha kwenye ufa huo mpaka watoto wakue. Mche wa miaka miwili hauna shimo. Panda miche milioni moja ya haraka, ikate kila baada ya miaka mitano, hondohondo hatapata chumba hata kimoja.

Wala hatutaki kufungia wanyama kwenye vizimba. Tunakotaka kwenda ni kama kule Umusambi Village, mjini Kigali, walikorudishia bwawa na mimea yake, na wakawapa nafasi korongo wenye taji, wale wa kwenye bendera ya Uganda. Korongo wengi walikuwa wamekamatwa na kufugwa mahotelini na majumbani kama mapambo. Wenye afya walirudishwa porini. Wale ambao mbawa zao ziliharibika hata kuruka hawawezi tena, ndio wanaoishi pale. Waliosoma hapo na kukaa kimya kidogo, tunawaelewa. Kiswahili chenyewe kimeliona hilo kabla yetu, kwa maana kimbilio na mkimbizi ni watoto wa neno moja.

Watu wengine wametuambia, hayo ni mambo ya Kigali na ya wazungu, Kakuma haiwezekani, ardhi imekufa. Sawa. Basi twendeni Bamburi tena, maana hadithi yake ina upande wa pili. Yale machimbo yalikuwa mwamba mtupu wa matumbawe, maji ya chumvichumvi chini, jua juu. Mwaka 1971 René Haller alianza kujaribu aina 26 za miti, na zilizovumilia zikawa tatu tu. Mmoja ulikuwa mvinje. Mvinje ukakua, lakini majani yake kama sindano yakawa yanarundikana chini bila kuoza. Ndipo wakaletwa majongoo. Ndiyo, majongoo, hawa hawa tunaowakanyaga mvua ikinyesha. Wakala yale majani, mavi yao yakawa udongo, udongo ukapokea miti mingine, miti ikaleta ndege. Leo panaitwa Haller Park, na ndipo alipopelekwa yule mtoto wa kiboko, Owen, aliyepoteza mama baada ya tsunami ya Desemba 2004, akajiegemeza kwa kobe mzee. Mwamba mtupu, bwana! Sisi angalau tuna udongo.

Kutoka Bamburi tunachukua mawili. La kwanza, inawezekana. La pili, mahali pale pale palipofufuliwa kwa akili namna ile ndipo mathenge ulipoingilia Kenya. Kujitolea na nia njema havitoshi, lazima uchague unachopanda.

Na Limuru, mahali panapoitwa Brackenhurst, tangu miaka ya 2000 wamekuwa wakiondoa mikaratusi na miti mingine ya kigeni kidogo kidogo na kurudisha miti ya msitu wa asili. Ndege wamerudi wenyewe, hawakutumiwa barua. Huko kuna mvua, tunakubali. Sisi mvua yetu kwa mwaka ni milimita 200, 300 hivi, na mwaka mwingine inakuja yote siku mbili, laga inafurika, inabomoa kingo na kubeba nyumba za watu. Lakini kingo hizo zinabomoka kwa nini? Kwa sababu mizizi iliyokuwa inazishika tuliipika.

Sasa tuje kwenye swali ambalo kila mtu analo mdomoni. Mwaka 2025 chakula kimekatwa, familia zimegawanywa kwa makundi, wengine wanapata kidogo, wengine hawapati kitu, na ninyi vijana mnaongelea ndege?

Tunajibu hivi. Bustani hii haitajaza sufuria mwaka huu, wala mwaka ujao, na atakayewaambia itajaza anatafuta kura. Haitachukua pesa za chakula, kwa sababu hatuombi pesa nyingi, tunaomba ardhi na ruhusa. Haitachukua maji ya kunywa, tutatumia yale yanayomwagika chini ya mabomba kila asubuhi na kufanya tope ambalo mbu wanazalia. Lakini njaa na miti hapa Kakuma havitengani. Nusu ya ugomvi wetu na wenyeji ni kuni. Sisi haturuhusiwi kwenda kukata porini. Mama anachukua unga kidogo wa rasheni, ambao hautoshi, anabadilishana na mama wa Kiturkana kwa mzigo wa kuni. Yule naye ametembea kilomita ngapi kuzitafuta? Dada zetu waliojaribu kwenda wenyewe wamepigwa, na wengine yamewakuta mabaya zaidi ambayo hatutayaandika hapa. Miaka zaidi ya 30 ya masufuria laki kadhaa kila siku, kuni zimetoka kwa nani? Zimetoka kwenye ardhi ya watu ambao walikuwepo kabla yetu na ambao nao wana njaa. Tunadaiwa. Hilo tunalisema wazi kwa sababu mara nyingi maandishi yetu yanahesabu tunayodai sisi tu.

Na deni hili halilipwi kwa kujitwalia kipande cha kingo za mto na kuweka bango. Kingo za Tarach si ardhi tupu. Waturkana wana utaratibu unaoitwa ekwar: familia ina haki juu ya miti fulani kando ya mto, hasa maganda yake wakati wa kiangazi, na mtu mwingine haingii na mbuzi wake bila kuomba. Haukuandikwa kwenye hati, lakini upo. Miradi mingi imepita juu yake bila hata kuuliza jina lake. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya bustani yetu si jembe, ni kwenda kuketi na wenye ekwar ya mahali hapo, kuwauliza kama wanataka, na kama hawataki tutafute pengine. Wakikubali, maganda yabaki yao. Wakati wa ukame mkali mbuzi wao waingie, kwa siku watakazopanga wao. Hifadhi inayomfungia mwenye mti nje ya ua haitadumu, ua wenyewe utachomwa, na tutaona haya kulalamika.

Kuna haraka pia. Mpango wa Shirika ambao serikali ilizindua Machi 2025 unataka makambi yawe makazi ya pamoja ya wakimbizi na wenyeji. Ramani zitachorwa, barabara, masoko, viwanja. Ramani ikishakauka wino bila bustani, hakuna atakayebomoa duka ili apande edapal. Waombeni wawakilishi wenu wa blok waliseme hili kwenye vikao.

Mtu atarudi palepale: lakini ninyi mtaondoka. Wengine watapata safari ya Marekani au Kanada, siku hizi ni wachache, wengine watarudi kwao amani ikija. Kwa nini mtu wa kuondoka apande mti wa miaka 30?

Hapa tutawapa kitu tulichokipenda kuliko vyote tulivyosoma. Mwaka 1995 watafiti wawili, Robin Reid na James Ellis, waliandika juu ya misitu ya ewoi kusini mwa Turkana. Walikuta kwamba ewoi changa zinaota kwa wingi kwenye mazizi ya zamani. Mbuzi wamekula maganda, wamelala zizini, mavi yamerundikana na mbegu ndani yake. Familia inahama kufuata malisho. Mvua inanyesha, mbolea ipo, mbegu zinaota, na mahali palipokuwa na zizi panakuwa na kundi la ewoi za umri mmoja. Wale waliolaumiwa miaka yote kwamba wanamaliza miti, kumbe kila walipohama waliacha miti nyuma yao. Na walihama, hawakukaa kuingojea. Kama mfugaji anayehama ameweza, sisi tuliokaa zaidi ya miaka 30 mahali pamoja tunashindwaje?

Kazi yenyewe haina maajabu. Tunaanza na ekari mbili. Mathenge iliyopo hapo tunaikata, lakini shina linachimbwa chini ya usawa wa ardhi, ukikata juu umeipogoa tu. Mbao zake nene zichomwe mkaa na kina mama wa pande zote mbili wagawane. Matawi yake ya miiba ndiyo ua wetu, mbuzi hapiti. Tunachimba matuta ya nusu mwezi kushika maji ya mvua. Mbegu za ewoi ni ngumu, zinamwagiwa maji ya moto na kulala humo usiku mmoja, na zilizotobolewa na wadudu zinatupwa. Tunaweka samadi ya zizi la zamani. Kwa utaalamu zaidi kuna watu wa utafiti wa misitu, KEFRI, wana kituo Lodwar, tutawaandikia. Kila mti utakuwa na kibao: jina la Kiturkana kwanza na kwa herufi kubwa, halafu Kiswahili, Kisomali, Kiarabu, Kidinka, na lile la kisayansi chini kwa herufi ndogo. Na kwenye daftari tutaandika miche iliyo hai, kila mwezi, hata ikiwa ni minne.

Ndugu wa Nakivale na Nyarugusu, kwenu miti ni mingine na mvua ni nyingine, msiige orodha yetu. Waulizeni wenyeji wenu.

Sisi tunaanza na mbegu, kwa sababu kuokota hakuhitaji kibali. Maganda ya ewoi yakianza kuanguka tutakutana asubuhi na mapema, kabla mbuzi hawajafika, na wenye miti tumeshawaomba watuonyeshe ipi tuokote na ipi tuache. Edome tayari tunazo kopo mbili. Edapal bado, tunamtafuta wa kutuonyesha. Njoo na gunia au mfuko wa unga uliokwisha, njoo na maji yako. Wadogo zetu waje pia, ila manati waache nyumbani.